Ukifika Juu, Utateremka au Utaendelea?

Hotuba kwa wanafunzi, walimu na wazazi, Chake Chake, Pemba

Bismillahir Rahmanir Rahim. Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mwalimu Mkuu, walimu wenzangu, waheshimiwa masheha, wazee wangu mliofika, na nyinyi wanafunzi mliokubali kukaa juani ili wageni wapate kivuli: ahsanteni. Kwenye ratiba nimeandikiwa nizungumze juu ya tofauti ya milima, nyanda za juu na tambarare. Muda niliopewa ni mfupi, kwa hivyo naingia moja kwa moja.

Kabla ya kusimama hapa nimeazima madaftari mawili matatu ya kidato cha pili. Yote yana jibu moja. Mlima ni sehemu ya nchi iliyoinuka sana. Uwanda wa juu ni ardhi ya sawasawa iliyoinuka. Tambarare ni ardhi ya sawasawa iliyo chini. Jibu hilo lina maksi zake kwenye mtihani, wala siwaambii mlifute. Ila lichukueni mwende nalo Serengeti. Dunia nzima inaijua Serengeti kwa tambarare zake, na zile za kusini mashariki, nyumbu wanakozalia, zimepita mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Dodoma, mji uliokaa kwenye uwanda wa juu wa kati, una mita kama 1,100. Tambarare imeupita kimo uwanda wa juu! Sasa hizo "juu" na "chini" za kwenye daftari zimetufikisha wapi?

Tabu haiishii hapo. Iko Kitulo, kule Nyanda za Juu Kusini, mbuga ya nyasi na maua ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Ni uwanda wa juu, na upo kwenye mita kama 2,600. Hakuna kilele hata kimoja cha milima ya Usambara kinachofika huko. Uwanda umeushinda mlima kwa urefu, na bado uwanda ni uwanda na mlima ni mlima. Mtasoma vitabu vinavyosema kilima kikipita mita 600 kinakuwa mlima. Huo ni mstari wa kurahisisha kazi tu. Dunia nzima haijakubaliana juu yake.

Mimi napendekeza kimo kiwe swali la pili. La kwanza liwe hili: ukifika juu, utateremka au utaendelea?

Wako humu waliowahi kupanda basi kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa au Mbeya. Hao wanaijua Kitonga. Mkishaiacha Mikumi na kulipita bonde la Ruaha, barabara inaanza kuupanda ukuta. Kona juu ya kona. Malori ya mizigo yanakwenda mwendo wa mtu anayetembea, harufu ya breki inaingia mpaka ndani ya basi, na abiria wa dirishani akishaangalia chini mara moja anavuta pazia. Watu huita pale Mlima Kitonga, na aliyekaa kwenye kiti kile hawezi kubisha. Basi linafika juu. Sasa subirini literemke upande wa pili. Haliteremki. Linaendelea: Ilula, Iringa, Mafinga, Makambako, mashamba ya mahindi, misitu ya kupandwa, saa baada ya saa, na abiria hajarudi kwenye joto la bondeni. Kitonga ni ukingo. Kule juu ni uwanda wa juu, na ile barabara ya kona ni mahali pake pa kuingilia.

Sasa mpelekeni mtu huyo huyo Kilimanjaro. Akifika kileleni Uhuru, mita 5,895, hana pa kuendelea. Kila hatua inayofuata ni ya kuteremka, aelekee Moshi au aelekee Rombo. Huo ni mlima, na hata mtoto wa chuo cha Qur'ani hakubishii.

Tambarare haiulizwi swali hilo, kwani haina juu ya kufika. Tambarare iulizeni maji. Mlimani maji yanajua pa kwenda na yana haraka. Kwenye tambarare mto unazunguka, unarudi, unagawika, na mvua ikizidi unatandaa kila upande. Ndivyo ilivyo Kilombero na ndivyo ilivyo Rufiji ya chini. Watu wa Rufiji na Kibiti waliofurikiwa Aprili 2024 walikuwa wanaishi kwenye ardhi ambayo mto wenyewe ndio ulioileta, tope juu ya tope, kwa maelfu ya miaka. Kwa nini wakae hapo? Kwa sababu tope lile lile ndilo linalozaa mpunga.

Swali langu lina mipaka yake, nami siifichi. Cape Town, Afrika Kusini, upo mlima wenye kichwa bapa, mita 1,086, na ukifika juu kweli unaendelea. Lakini unaendelea kwa kilomita kama tatu tu, kisha ardhi inakatika. Wameuita mlima na wamefanya sawa. Uwanda wa juu lazima uwe mpana kiasi cha kumsahaulisha mtu kwamba yuko juu. Usambara nayo inasumbua kidogo. Unapanda kutoka Mombo, unafika Lushoto kwenye karibu mita 1,400, unakuta vijiji, mashamba ya kabichi na karoti, soko, skuli, na unaanza kudhani uko kwenye uwanda. Endelea mpaka Mtae uone. Ardhi inakatika chini ya miguu yako, na huko chini ni tambarare za Mkomazi. Umeteremka; ulikuwa mlimani.

Jengine ni kwamba ukingo wa uwanda wa juu hauonekani kila upande. Tangu 2024 kuna treni ya umeme kutoka Dar es Salaam mpaka Dodoma. Msafiri anaondoka usawa wa bahari, anapitishwa pembeni ya milima ya Uluguru pale Morogoro, na mwisho wa safari yuko mita 1,100 juu, bila kukumbuka mahali alipopanda. Atagundua jioni, kwa baridi. Hewa hupoa kwa kiasi cha nyuzi sita na nusu kwa kila mita 1,000 unazopanda, ndiyo maana vijana wetu wanaokwenda kusoma Dodoma barua yao ya kwanza nyumbani ni ya kuomba sweta. Atagundua jikoni pia. Huko maji huchemka kwenye nyuzi kama 96 badala ya 100, na kileleni Kilimanjaro huchemka kwenye nyuzi kama 80. Yanatokota vile vile, lakini hayana moto wa kutosha, na maharage yanamchelewesha mpishi. Wazazi mkiletewa malalamiko ya maharage magumu kutoka Bara, msiharakishe kumlaumu mpishi.

Mtaniuliza, ukingo wa huko Kitonga unatuhusu nini sisi wa Pemba? Tazameni taa za skuli hii. Tangu 2010 umeme wetu unatoka Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari, na Tanga imeungwa na gridi ya taifa. Sehemu kubwa ya umeme wa gridi hiyo ni ya maporomoko ya maji. Mto Ruaha Mkuu unakusanya maji yake kwenye nyanda za juu, unatulizwa kwenye bwawa la Mtera, kisha pale Kidatu unaangukia upande wa chini na kuzungusha mitambo. Mto Pangani nao unafanya kazi hiyo hiyo pale Hale. Kwenye tambarare mto hauna pa kuangukia; umeme wa maji unataka ardhi inayokatika. Kwa hivyo ukingo wa uwanda wa juu mnautumia kila mnapowasha taa.

Sasa tuingie ndani kidogo. Maumbo haya yamefikaje hapo yalipo?

Uwanda wa juu wa Tanzania una mwamba mzee sana. Yale mawe makubwa ya mviringo mnayoyaona kwenye picha za Mwanza na Dodoma ni ya mwamba uliozidi miaka bilioni 2.5. Milima iliyokuwapo huko zamani imeshaliwa na mvua na upepo, ikasawazika. Kisha ardhi hiyo iliyokwisha kusawazika ikasukumwa kutoka chini na joto la ndani ya dunia, ikainuka nzima nzima bila kukunjika. Ndipo tukapata ardhi bapa iliyo juu. Na ilipoinuka ikapasuka, ikatoa Bonde la Ufa. Nataka mlione jambo hili kwa maziwa mawili. Ziwa Victoria limekaa juu ya uwanda, kwenye mita 1,134, katika mbonyeo tu wa ardhi. Kwa upana wake wote, kina chake hakizidi sana mita 80. Ziwa Tanganyika limekaa ndani ya ufa. Hilo lina kina cha mita 1,470, na sakafu yake iko chini kuliko usawa wa bahari yetu hii. Mpe mwanajiolojia kina cha ziwa, atakwambia limekalia nini.

Ziko nyanda za juu zilizozaliwa kwa njia nyengine kabisa, kama Habeshi, yaani Ethiopia, na Dekani ya India, ambako uji wa volkano ulimwagika tabaka juu ya tabaka mpaka nchi ikainuka. Hizo nazipita.

Milima nayo haikuzaliwa kwa njia moja. Kilimanjaro na Meru ni volkano, na Ol Doinyo Lengai bado inatoa moshi. Usambara na Uluguru ni vipande vya mwamba wa kale vilivyobaki juu wakati ardhi ya pembeni ilipovunjika na kudidimia. Aina ya tatu hatunayo hapa karibu, nayo ndiyo iliyotoa milima mirefu kuliko yote. Chukueni jamvi la msikitini, mlisukume kwenye ukuta. Halina pa kwenda, linapanda matuta. Bara Hindi lilianza kugongana na Asia miaka kama milioni 50 iliyopita na halijaacha kusukuma. Matuta yake ni Himalaya, na nyuma ya matuta hayo kuna uwanda wa juu wa Tibet, ulioinuka wastani wa mita zaidi ya 4,500. Mlima na uwanda, wote wa msukumo mmoja.

Nimekuja na jiwe. Naomba lipitishwe kuanzia safu ya mbele, na mtakaolishika mlitazame karibu karibu kabla ya kulipitisha. Limetoka Micheweni, kule wanakogonga kokoto. Upande uliovunjika mtaona vitundu vidogo vidogo vyenye miale kama nyota. Kila kitundu kilikuwa nyumba ya mdudu wa tumbawe, na pembeni kuna alama ya kombe, nusu tu, mbavu zake zinahesabika. Jiwe hili limejengwa na viumbe chini ya maji ya bahari, na leo limechimbwa nchi kavu. Bahari ilikuwa juu zaidi zama hizo, miaka laki moja na kitu iliyopita. Ilipojivuta, matumbawe yakabaki.

Sasa jambo la kustaajabisha. Kilele cha Everest, mita 8,849, pahala pa juu kabisa duniani, ni cha jiwe la chokaa lenye mabaki ya viumbe wa baharini. Si matumbawe haya yetu, ni ya kale zaidi kwa mamilioni na mamilioni ya miaka, lakini ni jiwe la sakafu ya bahari. Anayejisifu kwamba amesimama juu ya dunia, amesimama juu ya bahari iliyokunjwa. Hapo ndipo jibu la daftari linapoishiwa nguvu kabisa: ardhi iliyo juu sana leo ilikuwa chini sana jana, na umbo lake linasimulia safari hiyo.

Visiwa vyetu basi viingie wapi? Watu husema Zanzibar haina jiografia ya kutazamwa kwa sababu haina mlima. Nakataa. Unguja sehemu yake ya juu kabisa ni Masingini, karibu mita 120. Ni kidogo, ndiyo, lakini kazi yake ni ya mlima. Mvua inanyesha kwenye msitu wa Masingini, inazama, na inatokea chini kwa chemchem upande wa Bububu. Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 mpaka 1888, aliyatia maji hayo mabomba yakateremka mpaka mjini. Hakuhitaji mashine ya kusukuma. Alihitaji mteremko, na mteremko ulikuwapo. Wanaolia leo msitu wa Masingini usikatwe hawalilii miti peke yake.

Kusini na mashariki ya Unguja ni ardhi ya mawe, bapa, yenye udongo wa kujificha ndani ya mashimo. Vijito vikifika huko vinamezwa. Nendeni Makunduchi au Kizimkazi: mnatembea kwenye sawasawa, kisha ghafla mko kwenye ukingo wa mwamba na bahari iko chini yenu. Kwa mita chache zile hakuna atakayeita pale uwanda wa juu, lakini umbo ni lile lile, juu bapa na ukingo unaokatika. Kwa kufundishia napapenda kuliko picha yoyote ya kitabuni.

Na Pemba? Hapa kwetu mnajua wenyewe: kilima, bonde, kilima, bonde, kutoka Mkoani mpaka Konde. Mikarafuu imekaa vilimani kwa sababu haipendi mizizi yake isimame majini. Mpunga umekaa mabondeni kwa sababu unayataka maji hayo hayo. Babu zetu walipanda kwa kusoma umbo la ardhi, wala hawakungoja ramani. Yale mabonde yanayoelekea pwani ndiyo tambarare zetu ndogo, na ndiyo yanayotutia wasiwasi. Yapo ambayo maji ya chumvi yameshaingia mpunga ukafa. Hapo hakuna ukingo wa kuizuia bahari. Watu wanajenga matuta, na mahali pengine matuta yanazidiwa.

Lakini nimewawekea jambo moja, nalo huwa linawafurahisha Wapemba. Kati ya Unguja na Bara bahari ni ya kina kifupi. Wakati wa zama za barafu, miaka kama 20,000 iliyopita, maji mengi ya dunia yalikuwa yameganda na bahari ilikuwa imeshuka kama mita 120. Mkondo ule ulikuwa nchi kavu. Unguja haikuwa kisiwa. Ilikuwa vilima kwenye tambarare ya pwani ya Afrika, na wanyama walikuwa wanapita kwa miguu. Katika pango la Kuumbi, karibu na Jambiani, wachimbaji wamekuta mifupa ya punda milia na nyati. Punda milia Unguja!

Pemba haikuunganika. Mkondo wetu na Bara una kina kinachozidi mita 700. Bahari hata ishuke mita 120, hapavukiki. Wanajiolojia wengi wanaieleza Pemba kuwa ni kipande kilichobaki juu wakati pembeni pakididimia, jambo lile lile nililolisema juu ya Usambara. Basi ukiyaondoa maji kwa hesabu, ukasimama kwenye sakafu ya mkondo na kuangalia upande wa Wete, ungeona nini? Ungeona ukuta unaopanda zaidi ya mita 700. Ule mstari wa mita 600 wa vitabuni tumeuvuka. Ukifika juu ungepita Wete, ungepita mikarafuu, ungefika pwani ya mashariki, na hapo ungeanza kuteremka tena. Kwa swali langu mimi, tumekaa mlimani. Wenzetu wa Unguja wako tambarare, tuwaombee dua.

Mwalimu wenu wa jiografia ameniambia mna mpango wa kwenda Micheweni kutazama ardhi ya mawe. Nendeni na kamba yenye fundo kila mita, muiteremshe kwenye ukingo bahari ikiwa imetoka, mpime. Mchoro wa pembeni wa ukingo ule, uliochorwa kwa mikono yenu, nitaufurahia kuliko maana tatu zilizokaririwa.

Naliona jiwe limefika safu ya nyuma, na nyuma huko kuna kijana amenyoosha mkono tangu nilipoitaja Serengeti. Nadhani nakijua anachotaka: Ngorongoro tuiweke wapi, mlima wa volkano uliobomoka katikati ukabaki na tambarare ndani yake, ambayo mtu huifikia kwa kupanda kwanza na kuteremka baadaye? Mpeni kipaza sauti, aanze yeye.

Wabillahi taufiq. Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.